Folio Namba Tatu

(1)

Nakonde, Zambia
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Constantine,

Shikamoo. Na kama barua hii itakufikia asubuhi, mwangaluka.

Najua simu haikufai tena tangu sikio la kushoto nalo lilipokataa, kwa hiyo nitakuwa naandika. Naandika kwa mkono, naipiga picha karatasi, picha inakwenda kwa mdogo wangu Jenifer, naye anaipeleka stationari pale karibu na stendi kuitoa kwenye karatasi, kisha anakuletea ofisini. Ameapa kwamba hatasoma. Atasoma. Nimeweka namba juu ya barua ili tusipoteane.

Naomba radhi kwa kuondoka bila makabidhiano. Likizo yangu bila malipo ilisainiwa Ijumaa mchana, na Shangazi Mektilda alitaka tuondoke Jumatatu yake, tarehe 2, alfajiri. Unamfahamu, dada yake baba, aliyeuguza watu Ujerumani miaka ishirini na nane akarudi kijijini Nkoma na gari badala ya nyumba. Watu walimcheka. Yeye husema nyumba ndiyo hii, ila ina magurudumu. Anataka kufika Namibia, aone mahali ambapo jangwa linagusana na bahari, kisha arudi alime. Miezi mitatu. Mimi nimechukuliwa kushika karatasi: pasipoti, kadi za chanjo, bima, hati za gari. Anasema kuendesha anaweza, ila akimwona ofisa wa mpakani ulimi unamgeukia Kijerumani.

Gari ni la kulala. Kwa nje ungedhani ni la kusambazia mikate. Ndani kuna jiko la gesi, sinki ndogo kama bakuli la uji, tangi la maji la lita sitini, kitanda ambacho mchana kinakunjwa kuwa mabenchi, na makabati yenye vifungo. Tulipotoka Shinyanga nilisahau kifungo kimoja. Kwenye tuta la kwanza sufuria zote zilitoka kama mbuzi waliofunguliwa. Tangu hapo, kabla gari halijawashwa, napita nikigusa na kusema kwa sauti: jiko, sinki, vikombe, gesi. Shangazi ananicheka, lakini ni masjala kabisa, Mzee. Kila kitu kina mahali pake, na kisipokuwa mahali pake utakisikia.

Gari lenyewe amelipa jina la Ndama, kwa sababu linanyonya kila saa.

Leo tumevuka mpaka. Ofisa wa upande wa pili aliingia ndani akagonga benchi kwa kidole, akataka tulifungue. Shangazi akasema, "Ni nguo za binti, baba, na viazi vikavu." Niliinua mto. Aliona mfuko wa matobolwa aliyonifungia mama, akachukua kipande, akatafuna, akasema twende. Hadi mji uliofuata nilikuwa nageuka kuangalia kama anatufuata. Sijui kwa nini niliogopa kiasi kile. Hatukuwa na kitu cha kuficha.

Je, ofisini kwema? Kama kuna kitu kitatafutwa, usihangaike na droo yangu ya chini. Ina kalamu zilizokauka tu.

Wako katika kazi,
Milembe

(2)

Bariadi
Jumanne, 17 Juni 2025

Binti Milembe,

Marahaba. Barua yako imepokelewa tarehe 13, saa nne asubuhi, ikiwa na alama ya kidole cha Jenifer chenye mafuta ya maandazi. Nimekufungulia jalada. Yako ni folio 1, hii yangu ni folio 2 na nakala nimebaki nayo. Usinicheke. Nimebakiza miezi miwili na nusu nistaafu na sijui kuishi na karatasi zisizo na jalada.

Hapa malori ya pamba yameanza kupita na vumbi liko hadi ndani ya chai. Precious wetu wa usafi amefagia masjala yote, akafuta vumbi hadi kwenye kalenda. Anasema kiti chako kimepoa, urudi ukipashe moto.

Sasa jambo la kazi. Yule Mama Kabula Maganga wa Bukundi, mjane, unamkumbuka. Shauri lake la shamba na lambo linasikilizwa na baraza la ardhi Jumanne tarehe 22 Julai. Mwanasheria ameomba jalada, na jalada halipo. Nimetazama rafu ya tatu, nimetazama ya nne, nimetazama chini ya rafu, na mgongo wangu umenikumbusha umri wake. Ndani ya jalada ndimo ilimo ile hati ya mwaka 2003, ambayo marehemu mumewe aliweka dole gumba kwamba shamba anamwachia mkewe. Mashahidi wote wamekufa. Nakala haipo. Shemeji yake anasema dole lile si la kaka yake. Bila hati, mama yule hana hata cha kubishania.

Katika rejesta ya majalada mstari wa mwisho ni sahihi yangu, tarehe 30 Mei: nimelipokea kutoka kwa ofisa ardhi. Nilikupa wewe ulirudishe rafuni, lakini hilo sikuliandika, kwa sababu ni wewe. Bwana Mwandu, mkuu wetu, amenipa barua ya kujieleza. Nimeandika kwamba sijui.

Mama Kabula alikuja Alhamisi. Alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili hadi saa nane, viatu vyake amevivua kaviweka kando kama aliyeingia nyumbani kwa mtu. Nilimpa maji. Hakuuliza kitu.

Jaribu kukumbuka, mwanangu. Uliliweka wapi?

C. Masalu
Karani Mwandamizi

(3)

Nje ya Lusaka
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mzee Constantine,

Jalada ninalo mimi.

Liko chini ya benchi nililokalia wakati naandika, ndani ya mfuko wa matobolwa. Ofisa wa Nakonde alilala na kuamka bila kujua kwamba kidole chake kilipita inchi mbili juu yake.

Ijumaa ile ya tarehe 30, saa tisa alasiri, nilikuwa natoboa karatasi za Mama Kabula zikae vizuri kwenye jalada. Hati ya mumewe ilikuwa imekaa upande. Sikuigeuza. Nilibonyeza panchi, nikainua, nikaona. Tundu moja limepita katikati ya dole gumba la marehemu.

Nilifunga mlango. Nikamwaga tumbo la panchi juu ya meza, viduara vyeupe mia mbili, labda mia tatu, nikavitafuta kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu hadi nikakipata chenye wino wa zambarau. Nimekiweka ndani ya kiberiti kitupu. Ndiyo maana siku ile ulinikuta mezani peke yangu ukaniambia niende nyumbani, nitazoea kuchelewa.

Nilibeba jalada nikakibandike nyumbani kwa utulivu. Lakini ni duara, Mzee. Halina juu wala chini. Pembeni mwa alama ile wino ulijaa ukatapakaa, mistari haionekani vizuri. Iliyo wazi ni ile ya katikati, na ya katikati ndiyo niliyoitoa. Kuna mstari mweupe umekatiza kiduara, nadhani ni mkunjo wa karatasi. Nikikigeuza hivi naona kinakaa, nikikigeuza vile naona kinakaa vilevile. Nikikibandika vibaya nitakuwa nimeghushi kidole cha mtu aliyekufa.

Jumatatu alfajiri Shangazi alipiga honi nje. Kumwachia Jenifer jalada niliogopa, angeuliza. Kulileta kwako niliogopa zaidi. Nikaliweka chini ya matobolwa nikajiambia nitapata njia. Sasa niko nchi nyingine na hati ya serikali, na wewe umeandika "sijui" kwa mkono wako, na mama yule amevua viatu.

Nimesoma sentensi yako mara nyingi: "hilo sikuliandika, kwa sababu ni wewe."

Nitaituma barua hii kesho asubuhi mtandao ukikaa vizuri.

Milembe

(4)

Lusaka
Jumamosi, 21 Juni 2025

Mzee Constantine,

Shikamoo. Nimepokea folio 2. Nashukuru kwa habari za ofisini, na nimesikitika sana.

Sisi tumekwama hapa siku kadhaa kwa sababu pampu ya maji ya gari imekufa. Tumeegesha kwenye kambi ya wasafiri iliyo ndani ya shamba la kuku. Kuegesha gari la kulala ni kazi ya fundi seremala: unaweka kikombe cha maji juu ya meza, unatazama maji yameegemea upande gani, kisha unasukuma vipande vya mbao chini ya magurudumu hadi maji yatulie. Tusipofanya hivyo tunaamka vichwa vimejaa damu.

Nguo tunazifua tukiwa safarini. Shangazi ana ndoo yenye mfuniko wa kubana. Asubuhi naweka nguo, maji na sabuni, naifunga kwa kamba nyuma ya kiti chake, na barabara mbovu inafua. Barabara nzuri zinatuletea nguo chafu. Chakula nacho kinaiva kikitembea: matobolwa na maji ya moto ndani ya chupa ya chai, saa sita yamelainika. Kazi yangu nyingine ni kumwaga kopo la choo. Sitakueleza. Nilisoma hadi diploma, Mzee, nikafika hapo.

Majirani zetu wa kambi wanazungumza Kibemba. Maji wanayaita amenshi, nasi kwa Kisukuma ni minzi, kwa hiyo kwenye bomba tunaelewana.

Kuhusu jalada la Mama Kabula: kwa kumbukumbu yangu nililiweka rafu ya tatu kama kawaida. Sikumbuki zaidi ya hapo. Labda Precious alipokuwa anafuta vumbi alihamisha kitu bila kujua. Huwa anapanga vitabu kwa urefu. Si kwamba namtuhumu.

Wako katika kazi,
Milembe

(5)

Bariadi
Jumanne, 1 Julai 2025

Binti Milembe,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nitaanza na Precious.

Bwana Mwandu aliniuliza mbele ya watu kama nimepata habari kutoka kwako. Nilimpa folio 4 asome, kwani sikuona siri ndani yake. Alisoma ile sehemu ya kufuta vumbi mara mbili. Siku hiyohiyo Precious aliambiwa abaki nyumbani hadi jalada lionekane. Alikuja masjala kuniaga, kashika ndala mkononi. Nilimwona midomo tu. Akarudia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Mzee, mimi vitabu napanga kwa urefu, mafaili siyagusi. Milembe mwenyewe alinifundisha nisiyaguse. Alinichapa kwa rula tukicheka!"

Nilimwamini. Nikarudi mezani, nikafungua jalada lako nipange barua mpya.

Folio 1 ni yako. Folio 2 ni yangu. Iliyofuata umeandika juu, kwa mkono wako mzuri, folio 4.

Nikadhani Jenifer amepoteza moja. Nimemwuliza. Amelia kidogo, kisha akanionyesha simu: hakuna kilichopotea, ulituma mbili tu. Nimefanya kazi na wewe miaka mitatu. Umewahi kukosea tarehe, umewahi kukosea jina la mkuu wa wilaya. Namba hujawahi kuruka.

Karani mwingine angeichana ile asiyotaka kuituma, kisha namba yake akaipa iliyofuata. Wewe huwezi. Iliandikwa, kwa hiyo ina namba.

Nimeweka karatasi ya manjano kati ya 2 na 4. Nimeandika: "Folio 3 haijapokelewa." Sijaandika kingine. Mama Kabula alikuja tena, akalala kwa ndugu yake mtaa wa pili, akarudi asubuhi. Siku zimebaki ishirini na moja.

Mwanangu, folio namba tatu iko wapi?

C. Masalu

(6)

Livingstone
Alhamisi, 3 Julai 2025

Mzee Constantine,

Shikamoo.

Naambatisha folio 3, iliyoandikwa tarehe 20 Juni. Sijabadilisha neno. Tafadhali isome kwanza, kisha urudi hapa.

Barua yako niliisoma jana tukiwa tumeegesha. Shangazi alikuwa anakaanga mayai. Nilipiga magoti pale sakafuni mwa gari, pasipotosha hata mtu mmoja, nikamwambia nimemharibia kazi mtu aitwaye Precious. Akauliza Precious ni nani. Nikaanza kueleza kutoka nyuma kwenda mbele, hadi nikafika kwenye benchi. Alizima gesi.

"Inuka nione."

Niliinua mto, nikatoa matobolwa, nikatoa jalada na kiberiti.

"Umenikalisha juu ya shamba la mjane mwezi mzima?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nami nakula viazi vilivyolalia kesi ya mtu! Na pale mpakani nikamwambia yule kijana ni nguo za binti!" Aliweka kikaango kando. Kisha akasema, "Fungua kiberiti."

Alivaa miwani yake ya hospitalini. Alitazama kiduara muda mrefu, bila kukigusa. Akasema damu ameiona nyingi lakini kitu kidogo namna hii kumtisha mtu hivi hajawahi kuona. Halafu mayai yakaliwa baridi.

Tumefikiri hivi. Kuna kampuni ya vifurushi hapa mjini. Jalada linaweza kufika Bariadi kabla ya tarehe 22. Nitalifunga kwa nailoni, na barua kwa Bwana Mwandu kwamba Precious hana kosa. Mimi niendelee na Shangazi, kwa kuwa peke yake hawezi kushughulika na mipaka miwili iliyobaki, halafu nikirudi Septemba nipokee adhabu yoyote. Naomba ushauri wako kabla sijalipeleka.

Sikuwa nimelala vizuri tangu tuondoke Nkoma. Jana nililala.

Milembe

(7)

Bariadi
Jumatatu, 7 Julai 2025

Milembe,

Folio 3 imepokelewa. Nimeondoa karatasi ya manjano.

Usilipeleke kwenye vifurushi.

Nilimwendea mwanasheria, nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari ya jirani: hati yenye dole gumba ikitobolewa katikati, baraza litasemaje? Akasema upande wa pili utasimama na kusema imetobolewa makusudi ili dole lisitambulike, na baraza litaitupa. Nikauliza, na akiwepo aliyeitoboa? Akasema hapo ni jambo jingine: aseme lini, wapi, kwa panchi ipi, na kipande kiko wapi. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamwonyesha sikio, kwamba sikusikia.

Kwa hiyo karatasi ikija peke yake, shamba linakwenda. Tundu lile linahitaji mtu. Hakuna mwingine aliyekuwa chumbani.

Sikulazimishi. Wewe si mtoto, na Shangazi yako ana safari yake aliyoisubiri. Lakini nikueleze nafasi yangu. Nilipoandika "sijui" nilikuwa sijui. Sasa najua. Siwezi kuacha maelezo yale yakae kwenye jalada la ofisi. Ijumaa tarehe 18 nitaandika mapya, niyapeleke kwa Bwana Mwandu, na Precious arudi kazini. Nimekupa hadi siku hiyo uyaandike wewe kabla yangu. Yakiwa kwa mkono wako ni maelezo. Yakiwa kwa mkono wangu ni mashtaka.

Nauli ya kutoka Tunduma, kama itapelea, mwambie Jenifer.

C. Masalu

(8)

Kasane, Botswana
Jumamosi, 19 Julai 2025

Milembe, mtoto wa kaka yangu,

Mwadila, maana huku ni jioni. Wewe unaweka namba, basi hii weka ya kwako, mimi sijui tumefika ngapi.

Tangu nikushushe stendi pale Livingstone, Ndama ananguruma kwa huzuni, au ni belti. Nilikutazama ukipanda basi umekumbatia ule mfuko kama mwenye mtoto mchanga, hukugeuka hata kunipungia mkono. Nikasema huyu anahesabu: pasipoti, kadi, jalada, kiberiti. Nilikuona midomo inatembea.

Daraja la Kazungula nimevuka. Nilijipanga mstari, nikatoa mkoba wako wa karatasi. Umebandika vipande vya rangi: nyekundu pasipoti, kijani gari, bluu chanjo, na juu umeandika, "Shangazi, toa nyekundu kwanza, usizungumze mpaka uulizwe." Nilitoa nyekundu. Sikuzungumza. Yule binti akaniuliza naelekea wapi, nikajibu kwa Kiswahili, akacheka, akagonga muhuri. Ni hilo tu nililokuwa naliogopa miaka yote!

Jana nilisahau kifungo cha vikombe. Kimebaki kimoja.

Kopo la choo namwaga mwenyewe. Sasa nakuheshimu.

Andika uniambie ilikuwaje tarehe 22. Usinifiche hata kidogo, kwa sababu sasa najua unavyoficha: unaanza kueleza habari za ndoo.

Shangazi yako,
Mektilda

(9)

Bariadi
Alhamisi, 24 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipa folio 8. Hii ni 9, na sitaeleza habari za ndoo.

Nilifika Jumatatu tarehe 14 jioni. Tunduma ofisa aliniuliza nimebeba nini. Nikasema jalada la serikali ya Tanzania, nalirudisha. Alinitazama, akatazama mfuko wenye harufu ya viazi, akasema, "Haya, lirudishe." Nilikuwa nimejiandaa kufungwa.

Asubuhi yake nilimpelekea Bwana Mwandu maelezo yangu, kurasa tatu. Alisoma mbele yangu, akaniuliza kama kuna ofisi yoyote duniani ambako mtu anasafiri na faili kwenda kutalii. Nikasema hapana. Nimesimamishwa hadi kamati ya nidhamu ikae, Agosti. Precious amerudi kazini siku ileile. Nilimsubiri getini nikamsalimia. Alipita. Nilimsalimia na siku ya pili. Nitaendelea.

Jumanne iliyofuata, tarehe 22, nilivaa gauni la kanisani. Baraza lilijaa. Shemeji mtu alikuja na wazee wake, Mama Kabula alikuja na mwanawe wa kike tu. Mzee Constantine alikaa benchi la mbele, kwa sababu alisema atasoma midomo.

Hati ilipotolewa, wakili wa shemeji akainyanyua mbele ya dirisha, mwanga ukapita kwenye tundu watu wote wakauona. Akasema, "Waheshimiwa, dole wamelitoboa wasije wakaumbuka." Watu wakaguna. Mwenyekiti akauliza nani anajua habari ya tundu hili.

Shangazi, nilisimama. Nilisema, "Ni mimi." Mwenyekiti akasema, "Sema kwa sauti, hata Mzee Constantine asikie." Walicheka wote. Nikasema tena kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilitaja tarehe, saa, panchi. Nilisema niliogopa, na kwamba niliandika uongo juu ya mtu ambaye hakuhusika. Kisha nikafungua kiberiti, nikakiweka kiduara juu ya meza.

Wakili akasema, "Na sasa huyu binti ndiye atakayetuonyesha kinakaaje? Anaweza kukigeuza apendavyo."

Nikasema, "Siwezi. Sijui kinakaaje. Ndiyo maana sijakibandika."

 Ndipo Mama Kabula akaomba asogee. Hajui kusoma, na sidhani kama aliwahi kuiona hati ile kwa karibu tangu siku ilipoandikwa. Aliinama hadi pua yake ikakaribia meza. Aliuliza, "Huu mweupe ni nini?"

Mwenyekiti akasema ni mstari.

"Ni panga," akasema. "Tulikuwa tunakata miti ya zizi, mwaka aliozaliwa huyu." Akamwonyesha binti yake. "Lilimpata hapa, likaja hapa." Akanyoosha dole gumba lake mwenyewe mbele ya baraza, akachora kwa ukucha kutoka ubavu wa kucha kushuka kwa mshazari hadi karibu na kiungo. "Nilimfunga kwa kitambaa cha kanga. Dole halikuota tena kucha vizuri."

Akainua kiduara kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa kidogo mdomoni. Mimi nilikuwa nimekigeuza mwezi mzima ndani ya gari, kwenye nchi mbili. Yeye alikitia tunduni, akakizungusha kidogo kulia, akasimama, akakizungusha tena kwa upana wa unywele mmoja.

"Hivyo."

Mwenyekiti akaomba lenzi. Alitazama muda mrefu. Kumbe pembeni, ndani ya ule wino uliotapakaa, mstari mweupe ulikuwa unaendelea pande zote mbili, mwembamba sana; sikuuona kwa sababu nilikuwa natafuta mkunjo wa karatasi, sikuwa natafuta kovu. Akamwita shemeji mtu aje atazame. Shemeji alitazama. Mwenyekiti akamwuliza kama kaka yake alikuwa na kovu la panga kwenye dole gumba la kulia. Aligeuka akawatazama wazee aliokuja nao. Mzee wake mmoja, nyuma kabisa, akasema kwa Kisukuma kwamba zizi lile alilijenga naye, na panga lilikuwa lake.

Hati imepokelewa. Hukumu itasomwa tarehe 12 Agosti, lakini wakili alikusanya karatasi zake kama mtu anayewahi basi.

Nje, Mama Kabula alikuwa anavaa viatu. Nilimwendea nikapiga magoti. Nilitaka kusema mengi. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akatazama vidole vyangu kimoja kimoja kama anayetafuta kitu.

"Wewe huna kovu," akasema. "Basi shika kazi taratibu."

Mzee Constantine alikuwa ananisubiri barabarani na bahasha. Alisema hakusikia kitu chochote mle ndani, aliona tu midomo yangu ikisema "ni mimi" mara mbili, na mara ya pili ilifunguka zaidi. Amelifunga lile jalada la barua zetu, ameniachia mimi. Namba zote zipo, moja hadi nane.

Hii ya tisa naituma leo.

Milembe